Daftari la Mubi

Ndani ya sanduku langu mna vitabu viwili. Cha kwanza ni kidogo, jalada lake limeliwa na mende: kitabu cha kazi cha marehemu baba yangu, kilichofunguliwa mwaka 1942. Cha pili ni daftari la shule la kurasa mia moja, nililoanza kuliandika mwaka 2004 pale Mubi, katika teritwari ya Walikale. Kitabu cha baba kimeandikwa alichopewa. Daftari langu limeandikwa walichodaiwa wengine. Kati ya vitabu hivyo viwili ipo miaka sitini na miwili, na jiwe ni lilelile, kasiterite, jiwe zito jeusi linalotoa bati.

Vijana wa hapa Ndosho, Goma, ninakoishi sasa kwa binti yangu, huniuliza kama ni kweli zamani kampuni iligawa samaki kila Jumamosi. Nikijibu ndiyo, wanasema basi zamani ilikuwa nzuri. Hawajui walisemalo, na kosa si lao. Sisi tuliokuwapo hatujawasimulia vizuri.

Baba hakuomba kazi. Aliandikwa. Wajapani walikuwa wameiteka Malaya mapema mwaka 1942, na Malaya ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya bati ya dunia. Uingereza na Marekani zilitaka bati ya makopo ya chakula cha askari, ya injini, ya risasi. Zikageukia Kongo. Mwaka huohuo serikali ya Wabelgiji ilipandisha kazi ya lazima ya wanakijiji hadi siku 120 kwa mwaka. Mwami, mtawala wa jadi, aliambiwa alete watu, mwami akamwambia chifu wa kijiji, chifu akamtazama baba yangu, kijana wa Kinyanga mwenye mgongo mpana na asiyekuwa na mkubwa wa kumtetea. Basi. Akatembea siku tatu msituni na wenzake hadi kambini, wakapimwa kifua, wakapewa blanketi moja moja na namba.

Nilizaliwa mwaka 1950 katika nyumba ya wazazi ya kampuni, nikapigwa chanjo na mwuguzi wa kampuni, nikajifunza a-e-i-o-u katika shule ya mapadri iliyojengwa kwa matofali ya kampuni. Jumamosi tulipanga foleni na mama kupokea posho: mchele, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi, samaki mkavu. Fuvu la kichwa cha yule samaki mama aliliweka hadi Jumanne, achemshie sombe. Baba aliosha mchanga kwenye mfereji wa mbao, maji yakimfika magotini, toka alfajiri hadi saa nane. Kapita, msimamizi wa kazi, alisimama ukingoni na fimbo, na fimbo hiyo haikuwa ya kutembelea. Kutoka kambini bila cheti ilikuwa kosa la kufungwa.

Kwa nini wampige fimbo kisha wamtibu? Nilimwuliza baba nilipokuwa kijana na nimesoma kidogo. Alinijibu kwamba wa kwanza waliokuja kabla yake walikufa kwa kuhara damu na waliobaki wakatoroka, na kila aliyetoroka alimgharimu Mzungu safari ya kwenda kutafuta mwingine. Union Minière kule Katanga ilikuwa imeshaipiga hesabu hiyo tangu miaka ya 1920: mfanyakazi mwenye mke, nyumba na watoto hatoroki, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho. Kampuni za Kivu zikafuata. Mwaka 1958 gogo lilimvunja baba mguu. Daktari wa kampuni aliunga mfupa ule vizuri hata akatembea bila kuchechemea mpaka kufa. Baba alisema, “Mwanangu, waliutaka mguu, si mimi.” Alisema bila uchungu. Alijua anayemdai ni nani, na ofisi yake iko wapi.

Upande wa mama walikuwa Wahunde wa Masisi, na huko mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ingawa nia ilikuwa ileile. Huko mali haikuwa chini ya ardhi, ilikuwa ardhi yenyewe. Tangu mwaka 1928 Comité National du Kivu ilipewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa walowezi, na vilima vile vya baridi vikawa mashamba ya pareto, kahawa, chai na kwinini. Mikono ilipokuwa haitoshi, kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ilileta kutoka Rwanda makumi ya maelfu ya watu na kuwakalisha Gishari na kwingineko. Wale watu hawakuja kumnyang'anya mtu. Waliletwa kama baba yangu alivyoletwa kambini, wengi wao wakikimbia njaa. Nalisema hili wazi kwa sababu nimezika watu wengi waliouawa na wasiotaka kulisikia, wa kila upande.

Kisha akaja Rais Mobutu. Sheria ya Julai 1973 ilitangaza ardhi yote ni ya taifa, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo akatangaza kwamba mali za wageni zinapewa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati huo. Wazaire gani? Si mjomba wangu. Shamba alilozaliwa pembeni yake likaenda kwa mkubwa mmoja aliyekaa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pale, ambaye mjomba alimwona mara moja tu. Pareto iling'olewa, majani yakapandwa, ng'ombe wakaingia, waya wa miiba ukafika hadi kwenye mji wa wazee wetu. Mjomba akawa analima maharagwe karibu na kaburi la babu yake kwa ruhusa ya mchungaji wa yule mkubwa, na mwisho wa msimu alilipa kwa siku za kazi. Wazungu walikuwa wameondoka, lakini karatasi ilibaki, ikabadilishwa jina tu. Machi 1993, vita vilipoanzia sokoni Ntoto, kule Walikale, na kuiunguza Masisi nzima, redio zilisema ni makabila. Mimi nilikuwa nimeshauona ule waya wa miiba miaka ishirini kabla.

Nirudi kwenye bati.

Mwaka 1976 kampuni nyingi za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa zikawa moja, Sominki. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina baiskeli, nina redio. Na redio hiyo ndiyo iliyonipa habari ambayo sikuielewa. Oktoba 1985 walisema soko la metali la London limesimamisha biashara ya bati. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 24. Nilifikiri ni sikukuu yao. Baadaye nilielewa. Lilikuwapo baraza la kimataifa lililonunua bati kila bei ilipotaka kushuka ili isishuke, likanunua kwa mkopo hadi fedha ikaisha. Nalo lilikuwa likipigana na mto: makopo ya vinywaji yalikuwa yameshahamia kwenye alumini, na Brazil ilikuwa imefungua machimbo makubwa yanayouza bila kumsikiliza mtu. Bei ikaanguka karibu nusu.

Hakuna aliyefukuzwa siku hiyo huku kwetu. Ilikuja polepole, kama mti uliokatwa mizizi unavyobaki na majani kwa muda. Gari la posho lilipita kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Dawa zikaisha. Mashine ya umeme ikazimwa saa mbili usiku, kisha ikazimwa kabisa. Katikati ya miaka ya 1990 kazi ilikuwa imekufa, na mwaka 1997 Sominki ikavunjwa. Baba alikuwa ameshafariki. Msitu umeila ile kambi. Mara ya mwisho nilipopita, mti wa msituni ulikuwa umeota ndani ya nyumba niliyozaliwa.

Mshahara wa mwalimu nao ulikuwa umegeuka karatasi. Tulilipwa na wazazi wa watoto, kwa mihogo mara nyingi. Mwaka 2000 nilikuwa nimehamia Masisi kufundisha, kwenye vilima vya karibu na Rubaya. Darasa langu la sita lilianza Septemba na wavulana thelathini na mmoja. Kufika Desemba walibaki tisa. Wengine walikuwa mlimani na sururu, wakitafuta koltani. Dunia ilitaka simu za mkononi na michezo ya watoto ya kwenye televisheni, na bei ya tantali ilikuwa imeruka, kutoka chini ya dola 50 kwa ratili hadi karibu dola 300 ndani ya mwaka mmoja. Mtoto wa miaka kumi na tatu alikuja kunisalimia amevaa saa mbili mkononi. Kabla mwaka 2001 haujaisha bei ilikuwa imerudi chini, na hakuna mvulana hata mmoja aliyerudi kwenye dawati.

Ndipo nikaacha chaki mimi pia. Mwaka 2002 watu walikuta kasiterite kwenye kilima cha Bisie, katikati ya msitu wa Walikale, kasiterite nyingi kuliko tuliyowahi kuisikia hata kwa wazee wa kampuni. Mnegosia mmoja, mnunuzi wa mawe, aliyejua hati yangu nzuri akaniita Mubi nimpimie na kumwandikia. Jina lake sitalitaja. Ameacha watoto, na mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Hebu niwaeleze kazi yenyewe, maana humo ndimo nilimojifunza zaidi kuliko shuleni. Kiwanda cha kuyeyushia bati, Malaysia au Thailand, kilimtumia fedha kabla ya mzigo mwenye kontwari wa Goma, yaani nyumba ya kununua na kusafirisha madini. Mwenye kontwari akamkopesha mnegosia wa Mubi. Mnegosia akamkopesha PDG. Huko Bisie mwenye shimo aliitwa hivyo, PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa. PDG akawakopesha wachimbaji mchele, tochi, sururu, bia, dawa za malaria, na kila kitu kilikuwa kimepanda bei mara kadhaa, kwa kuwa kilibebwa mgongoni siku mbili msituni. Mchimbaji alilipa kwa mawe. Mshahara haukuwapo popote kwenye mnyororo ule. Lilikuwapo deni tu, kutoka Penang kule Malaysia hadi chini ya shimo la mita mia moja, na mimi nilikaa katikati yake na mizani.

Wapagazi waliingia kutoka Bisie na kilo hamsini kwenye kamba ya kipaji cha uso. Njiani walikuwa wameshalipa vizuizi vya askari. Kule juu, siku moja ya wiki ilikuwa ya salongo: unachochimba siku hiyo si chako, ni cha mwenye bunduki. Neno lenyewe lilitoka kwa Mobutu, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa. Mimi nilimwaga mfuko, nikashika mchanga kwa vidole kukisia bati iliyomo, nikakata kilo kwa ajili ya maji na kilo kwa ajili ya uchafu, nikaandika. Kisha mzigo ulikwenda Kilambo. Pale barabara ya lami imenyooka, na ndege ndogo kutoka Goma zilitua juu ya barabara yenyewe. Askari walizuia pikipiki pande mbili, ndege ikashuka, ikabeba tani mbili, ikapaa, pikipiki zikaendelea. Kwa siku zilikuja ndege nyingi, zikifuatana. Zilileta bia na sabuni, zikaondoka na mawe.

Asubuhi tulikaa kwenye foni, redio ya mawasiliano, kusubiri bei kutoka Goma. Goma iliipata kutoka London. Soko lilelile lililoiua kambi ya baba sasa liliamka nasi kila siku. Na bei ilipanda, maana Ulaya ilikuwa imekataza madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, na bati ikashika nafasi yake katika kuungia nyaya ndogo ndani ya simu na kompyuta. Mei 2008 tani moja ilizidi dola 25,000. Mnegosia alikopesha bila kuhesabu. Nami niliandika.

Kwenye ukurasa wa sitini na tatu kuna jina la kijana niliyemfundisha Masisi. Mmoja wa wale thelathini na mmoja. Alikuwa hodari wa hesabu za sehemu. Aliponiona nyuma ya mizani alicheka, akasema, “Mwalimu, na wewe umefika?” Aliongoza watu wanne kwenye shimo la PDG mmoja, akataka kuwa PDG mwenyewe. Agosti 2008 alichukua dola 180 akanunue pampu ya kuondolea maji. Niliandika. Mwezi uliofuata mabenki ya Marekani yalianguka, na kufika Desemba bei ya bati ilikuwa chini ya nusu ya ile ya Mei. Kilo ambazo zingelipa pampu mwezi Agosti hazikulipa hata nusu yake. Alishuka shimoni zaidi, akalala humo, ili afidie. Nguzo za mbao ziliachia usiku.

Habari ililetwa na mpagazi. Nililifungua daftari, nikachukua kalamu nichore mstari juu ya jina, kama tunavyofanya mtu akifa. Mnegosia akasema, “Usifute. Andika kwa mdogo wake.”

Niliandika kwa mdogo wake. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Nimeufikiria ukurasa huo zaidi ya kitu chochote nilichofanya maishani. Mguu wa baba uliungwa kwa kuwa ulikuwa na bei kwenye kitabu cha kampuni. Kijana wangu hakuwa kwenye kitabu cha yeyote. Kiwanda kilimjua mwenye kontwari, mwenye kontwari alimjua mnegosia, na mimi peke yangu nilijua alikuwa anaweza kugawa robo tatu kwa moja ya nane bila karatasi. Mtaji wa siku za baba ulikuwa na nyumba, una mlango, una Mzungu wa kumnyooshea kidole, na ndiyo maana uliogopa magonjwa, mgomo na utoro. Ule wa siku zangu ulikuwa umegundua kwamba hauhitaji mfanyakazi. Unamhitaji mdaiwa. Mfanyakazi akifa unapata hasara. Mdaiwa akifa ana ndugu.

Sisemi turudi kwenye fimbo. Baba angetoka kaburini anizabe kofi. Nasema tu kwamba watu wanaoita mambo ya Bisie ushenzi wa msituni, uliokosa biashara ya kisasa, hawakukaa pale na mizani. Ilikuwa ndiyo biashara ya kisasa.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha yenye kifungu kuhusu madini yetu, watu wakaiita sheria ya Obama. Septemba Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011. Ndege ziliacha kutua Kilambo. Mubi ilikaa kimya, sabuni ikakosekana, wanawake waliokuwa wanauza chakula njia ya Bisie wakarudi mashambani bila kitu. Deni halikusimamishwa. Kisha zikaja lebo za plastiki zenye namba, mfuko ufungwe na ujulikane umetoka shimo gani. Nia ilikuwa njema. Lakini lebo huonyesha mfuko umetoka wapi. Haionyeshi aliyeuchimba anadaiwa kiasi gani.

Leo Bisie ina mgodi wa mashine wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kutoa bati mwaka 2019, kwenye mwamba wenye bati nyingi kwa kila tani kuliko mgodi mwingine duniani. Makao ya kampuni yako Mauritius, hisa zake zinauzwa Toronto na Johannesburg, na mwaka 2025 zaidi ya nusu ya hisa hizo zilinunuliwa na watu wa Abu Dhabi. Machi mwaka huohuo mgodi ulisimama waasi wa M23 walipousogelea mji wa Walikale, kisha wakauingia, na bei ya bati London ikapanda kwa hofu. Aprili waasi waliondoka, kazi ikaanza tena. Rubaya walikuwa wameishika tangu mwisho wa Aprili 2024, na koltani ikaendelea kushuka mlimani migongoni mwa watoto wa wale wanafunzi wangu. Mjukuu wangu ana simu. Ninapoishika naijua bati iliyomo ndani, ingawa siwezi kusema ni ya ukurasa upi.

Yule mnegosia alikufa Goma miaka iliyopita, na hakuna aliyekuja kuliulizia daftari. Nimelitunza nikitafuta watu. Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaosoma, wa Mubi, Njingala, Kilambo, Ntoto, Nyabiondo, Masisi, na mliotawanyika Kisangani, Kampala na kambini: kama baba yako au kaka yako alibeba mzigo kutoka Bisie, na mliambiwa amekufa na deni, njoo Ndosho uulizie mwalimu mzee aliyepima Mubi. Nitakuonyesha ukurasa, nawe utauchana kwa mkono wako. Wewe uliyekuwa na miaka kumi na sita, njoo wa kwanza. Hudaiwi kitu.